Kuanza kazi ya ufundi dawa ukiwa na kidato cha nne

Mdogo wangu, umeniuliza kama matokeo yako ya kidato cha nne yanatosha kusomea ufundi dawa, au uchukue kozi fupi ya watoa dawa. Kwa hiyo C yako ya Kemia na D ya Biolojia usijidharau, ila hakikisha una ufaulu wa angalau masomo manne bila kuhesabu ya dini. Unachotafuta ni stashahada ya sayansi ya famasia, miaka mitatu. Usiichanganye na ile kozi fupi ya watoa dawa uliyoitaja: hiyo inakufikisha kwenye duka la dawa muhimu tu, haikufanyi fundi dawa.

Kabla ya kulipa hata shilingi ya fomu, angalia kama chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi Tanzania. Ukimaliza, unaandikishwa Baraza la Famasi, linalosimamia wataalamu wa dawa. Bila kuandikishwa, cheti chako ni karatasi tu.

Kazi yenyewe? Watu hudhani ni kusoma cheti cha daktari na kuhesabu vidonge. Nusu yake ni stoo: kupanga dawa zinazokaribia kuisha muda zitoke kwanza, kujaza leja, kuandika joto la friji ya chanjo na insulini. Anayechukia makaratasi atateseka. Ajira za serikali zinagombaniwa sana, basi wakati wa mafunzo kwa vitendo jitahidi mfamasia wa kituo akujue kwa jina.