Meli ya kifahari visiwa vya Ugiriki: nenda Septemba

Dada, umeuliza mwezi gani ufae kumpeleka mama kwenye meli ya visiwa vya Ugiriki apumzike kwelikweli. Septemba mwishoni, au Mei. Julai na Agosti jua ni kali, watu wamejaa, na upepo wa kaskazini wanaouita meltemi huichafua Bahari ya Aegean.

Chagua meli ndogo, ya abiria mia mbili tatu hivi. Hizo huingia bandari ndogo kama ya Patmos na huweza kukaa kisiwani mpaka usiku.

Kisiwa cha Santorini ndicho cha kujipanga. Hakuna gati la meli kubwa, mnashushwa kwa boti hadi chini ya jabali, na mji wa Fira uko juu kabisa. Ngazi zinakaribia 600, mawe yake yanateleza na punda wanapita humo humo. Mama asithubutu. Kuna vibehewa vinavyoning'inia kwenye waya, dakika chache tu mko juu, ila foleni yake ndefu mno meli zikifika pamoja. Teremkeni na boti ya kwanza asubuhi, kabla jua halijachoma zile kuta nyeupe.

Na viza, tafadhali sana: safari nyingi hutia nanga Kusadasi, Uturuki, kisha zinarudi Ugiriki. Ombeni viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Ugiriki, ya kuingia zaidi ya mara moja, na muulize mapema kuhusu viza ya Uturuki.