Simu inapokelewa lakini sauti ni ya upande mmoja
Habari ndugu. Nimekuelewa kwamba FreePBX yako (programu ya kuendesha simu za ofisi kupitia mtandao) imejisajili kwa mtoa huduma wa simu na simu zinapokelewa, ila mteja anakusikia nawe humsikii. Usajili ukishakubaliwa, nenosiri si tatizo. Anza na ruta, uzime SIP ALG, kipengele cha ruta ambacho mara nyingi huvuruga anwani zilizomo ndani ya ujumbe wa SIP (lugha ambayo mitambo hutumia kuanzisha simu). Kisha, kwenye mipangilio ya SIP ya Asterisk (injini ya simu iliyo ndani ya FreePBX), jaza anwani ya nje ya ofisi na mtandao wa ndani, kwani mitambo niliyoihudumia ilikuwa ikimpa mtoa huduma anwani ya ndani inayoanza na 192.168, ambayo haifikiki kutoka intaneti. Hakikisha pia milango (port) ya UDP 10000 hadi 20000, inayobeba sauti, inaelekezwa kwenye seva, maana mlango 5060 ni wa ujumbe wa SIP na haubebi sauti. Ikigoma, andika "rtp set debug on" kwenye konsoli ya Asterisk ili uone pakiti za sauti, upige simu, utuwekee hapa kinachoonekana.