Kuzunguka Unguja kwa gari: kaka, usishushe tairi mchangani

Kaka, futa kwanza ile sentensi ya mwisho ya swali lako. Umeandika kwamba wewe na mkeo mnakuja Unguja mwezi wa saba, mtakodi RAV4 kwa siku sita, mzunguke kutoka Mjini hadi Nungwi, mteremke Matemwe, Paje, Jambiani mpaka Kizimkazi. Ukauliza bei, hoteli, pa kula, na kati ya Nungwi na Paje wapi mkae zaidi. Vizuri. Halafu ukamalizia: "Tukifika Jambiani tutashusha gari ufukweni tupige picha na ngalawa kama tulivyoona kwenye video." Hapo nikaweka kikombe chini.

Wiki ya Sabasaba 2023 mimi na mume wangu tulifanya hicho hicho unachopanga. Gari aina hiyo hiyo, kijiji hicho hicho, na sisi tuliona video. Tuliporudi Dar tulikuwa tumeacha kisiwani shilingi milioni 4 na laki 6 ambazo hazikuwa za safari. Zilikuwa pesa za bati za nyumba yetu. Watu wengine humu wataona ni kichekesho, gari kuliwa na bahari. Wacheke, ila bati sikuwachangisha wao.

Ilikuwa hivi. Tulifika Jambiani kama saa 4:30 asubuhi. Bahari haikuwepo. Sisi tumekulia Dodoma, bahari tuliyoizoea ni ya Coco Beach, kwa hiyo tulipoona mchanga mweupe umetandazwa mpaka kule mbali mawimbi yanakovunjikia kwenye mwamba, tulidhani ndivyo ufukwe wa pale ulivyo. Kati ya nyumba kuna vichochoro vya kuteremkia pwani. Mume wangu akapita, gari likatembea vizuri kabisa, mchanga umeshikana kama sakafu. Akasogea mbele zaidi ili ngalawa zitokee nyuma yake kwenye picha.

Kulikuwa na kina mama wengi kwenye mashamba ya mwani, wameinama kwenye vigingi na kamba. Mmoja alikuwa anarudi na furushi kichwani, akatupita, akasimama. Akasema, "Wanangu, maji yanarudi hayo." Tukamshukuru, tukamwambia tunaondoka sasa hivi. Hatukuondoka. Tulikaa zaidi ya saa nzima, tunapiga picha, tunatembea, tunaokota makombe. Yule mama ninamkumbuka mpaka leo, kwa sababu ndiye mtu pekee aliyetuambia ukweli siku ile na hatukumlipa hata senti.

Tulipowasha gari ilikuwa saa 6 mchana na dakika kidogo. Tairi za nyuma zikazunguka pale pale. Mchanga ule ule uliotubeba asubuhi ulikuwa umelegea kama uji, na maji yalikuwa hayajatufikia! Baadaye mvuvi mmoja alitueleza: bahari ikianza kujaa, maji hupanda kwanza chini ya mchanga kabla hujayaona juu. Mume wangu kila akikanyaga mafuta gari linazama zaidi, mpaka likakalia tumbo.

Vijana wa kijiji walikuja bila kuitwa, kama kumi hivi. Walitoa upepo kwenye tairi, wakachimba kwa mikono, wakaleta makumbi ya nazi na vipande vya mbao kuweka chini ya magurudumu. Likasogea mita moja, likazama tena. Kilichotumaliza ni kwamba maji hayakuja kutoka mbele tu. Kule pwani kuna mabonde madogo usiyoyaona kwa macho, yakajaa kwanza nyuma yetu, kati ya gari na nyumba. Saa 7 maji yalikuwa kwenye rimu. Mzee mmoja fundi wa mashua akasema chomoeni betri, toeni mizigo, liacheni. Saa 8 maji yalikuwa juu ya viti. Nilisimama kwenye ngazi ya nyumba ya watu nikiwa na begi na viatu vya mume wangu mkononi, naangalia paa la gari la mtu. Lilitolewa usiku, maji yalipokupwa tena, kwa lori na kamba nene.

Sasa nije kwa waliotuponza, maana hasira haijaniisha. Wa kwanza ni yule wa video. Alionyesha gari mchangani, muziki, mkewe anacheka. Hakuonyesha saa, hakusema ilikuwa tarehe ngapi, hakusema alitoka baada ya dakika ngapi. Wa pili ni kijana aliyetukabidhi gari. Tulimuuliza kabisa, kwa Kiswahili, kama linaweza kushuka ufukweni. Akajibu mchanga wa mashariki ni mgumu kama lami, watu wanashuka kila siku, na gari lina bima kubwa msiwe na wasiwasi. Tukasaini mkataba wa kurasa tatu. Ukurasa wa tatu ulisema bima haihusiki gari likitolewa nje ya barabara, wala kwa madhara ya maji ya chumvi. Siku ya kudaiwa, kijana huyo hakukumbuka kusema chochote. Tulilipa nyaya zote, kontroli boksi, alteneta, beringi, viti, zulia, na juu yake tukalipia kila siku gari liliyokaa gereji kana kwamba tunaliendesha. Injini ilipona kwa sababu ya yule mzee na betri yake.

Kwa hiyo kabla ya hoteli, kabla ya bei, shika jambo moja: pale Unguja uliza mwezi. Simaanishi Julai, namaanisha mwezi wa angani. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za Kiislamu, na siku mbili tatu baada yake, ndiyo bamvua. Bahari inakupwa mbali sana na inajaa juu sana, tofauti inafika kama mita 4. Na kwa Unguja siku za bamvua maji yanakuwa yamekupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi, yanajaa kabisa karibu saa 10 jioni. Kila siku saa hizo zinasogea mbele kama dakika 50. Zikipita siku saba hivi yanakuja maji mafu, hayaendi mbali wala hayapandi sana, na saa zinageuka: asubuhi yamejaa, jioni yamekupwa.

Sisi tulikwenda mwezi ukiwa mpevu siku moja mbili nyuma, Idi ya kuchinja ina wiki moja tu imepita. Mtoto yeyote wa Jambiani angetuambia. Wale kina mama wa mwani nao walikuwa alama tosha, maana kazi yao inafuata bamvua. Ukiwaona wengi wako mbali kabisa shambani, ujue maji yatarudi kwa nguvu. Na hayapandi kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza polepole mpaka unadharau, saa ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia. Sisi tuliyaona ya saa ya kwanza tukaendelea na picha.

Gari liegesheni juu, kwenye ardhi yenye nyasi au kivuli cha mnazi, mshuke kwa miguu. Picha na ngalawa haihitaji gari.

Kuhusu Nungwi na Paje: Nungwi na Kendwa unaogelea karibu saa zote, Paje na Jambiani, upande wa mashariki, unaogelea bahari ikiwa imekuja, na Julai upepo wa kusi unavuma sana upande huo. Mkiwa mashariki wakati wa bamvua, asubuhi nendeni Jozani mkaone kima punju (barabara ya msituni ina matuta kwa ajili yao, punguza mwendo), au msikiti wa kale wa Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya mwaka 1107. Mchana mrudi pwani. Hata ule mkahawa ulio juu ya jiwe kule Michamvi Pingwe, maji yakikupwa mnakwenda kwa miguu, yakijaa mnavushwa kwa mashua, na gari linabaki juu vile vile.

Bei na hoteli watakujibu wengine. Wewe niandikie mnafika tarehe ngapi, nami nitakuwekea hapa saa za maji kujaa na kupwa kwa kila siku ya safari yenu. Na mkeo naye azisome.