Jibu: mfuko wa vijiti na nondo mweusi, utajuaje ni spishi gani?

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umekuta mifuko mitatu ya vijiti imening'inia kwenye tawi moja, mmoja ukatoa nondo mdogo mweusi, na unataka jina la spishi. Kwa picha tatu ulizoweka, jina kamili hulipati, na anayekupa anabahatisha. Lakini picha hizo zinasema mengi kuliko unavyodhani. Nimefuga wadudu hawa kwenye chupa za jamu miaka kadhaa, na makosa mengi nitakayoyataja hapa niliyafanya mwenyewe.

Kwanza hakikisha ni familia yenyewe, Psychidae, nondo ambao viwavi wao hujijengea mfuko na kuishi ndani yake. Picha nyingi ninazotumiwa za "mfuko ukutani" si hao. Kile kifuko bapa kama mbegu ya boga, cha rangi ya vumbi, kinachojikokota kwenye kuta za ndani na kona za dari, ni Phereoeca, jamii ya nondo wa nguo. Kitazame kwa subira: kina matundu ncha zote mbili, na kiwavi anaweza kutoa kichwa upande huu, akachoka, akageukia ndani na kutokea upande wa pili. Psychidae hafanyi hivyo. Kwake tundu la juu ni la kichwa na miguu, la chini ni la kinyesi na baadaye la kutokea. Na kama mfuko uliuokota majini, hiyo ni jamii nyingine kabisa, tusiendelee.

Wako si bapa na ulikuwa mtini, kwa hiyo tunaendelea.

Wengi huanza na malighafi: vijiti, majani, mchanga, magome. Nami nilianza hapo, nikajichanganya mwaka mzima, maana kiwavi hujengea alichokikuta. Thyridopteryx ephemeraeformis wa mashariki ya Marekani akiwa kwenye miti jamii ya mierezi, mfuko wake unafanana na tunda kavu la mti huohuo. Mhamishie kwenye mti wa majani mapana, atavaa vipande vya majani na vikonyo, na utaapa ni spishi nyingine. Kisichobadilika sana ni mpangilio. Psyche casta wa Ulaya hulaza mabua ya nyasi kwa urefu, ncha zikichomoza nyuma kama ufagio, na mfuko mzima una urefu wa karibu sentimita moja tu. Kule Japani, Eumeta minuscula hubandika vijiti sambamba kama mzigo wa kuni uliofungwa vizuri, wakati nduguye Eumeta variegata hufunika mfuko kwa vipande vya majani na vijiti vichache vya hapa na pale. Apterona helicoidella ndiye kiboko: mfuko wake umejisokota, na asiyejua atakubishia kuwa ameshika konokono.

Kitu ambacho karibu hakuna anayekipiga picha ni mfuko ukitazamwa kwa ncha. Ugeuze, uangalie umbo la mkato wake. Taleporia tubulosa na Dahlica triquetrella wote wana pande tatu, ila Taleporia ni mrefu mwembamba kama kijibomba, unakaribia sentimita mbili, na Dahlica ni mfupi. Luffia ni koni ndogo iliyopakwa unga wa likeni, ile ya kijivu-kijani inayobandika kwenye magome, na usipopiga magoti mbele ya mti huioni. Angalia pia unavyoshikilia tawi. Kwenye michikichi ya Malaysia, Pteroma pendula hutambulika hata kwa mbali kwa sababu akitaka kuwa pupa, yaani hatua ya kati ya kiwavi na nondo, huning'inia kwa uzi mrefu wa hariri.

Tahadhari mbili kabla hatujaacha mfuko. Mfuko wa kiwavi mchanga usiusome, mpangilio wake haujatulia. Na kwa baadhi ya spishi dume na jike hawajengi sawa. Canephora hirsuta ni mmojawapo, kwa hiyo mifuko miwili tofauti kwenye kichaka kimoja inaweza kuwa ya ndugu wa tumbo moja.

Sasa jike, ambaye watu humsahau kwa sababu hana sura ya nondo. Kwangu yeye ndiye anayepunguza kazi haraka kuliko yeyote. Yuko wa aina tatu, kwa lugha nyepesi. Kuna mwenye mabawa kamili, kama Narycia duplicella. Kuna asiye na mabawa ila ana miguu na vipapasio, ambaye hutoka na kukaa juu ya mfuko wake, kama Psyche casta na Luffia. Na kuna ambaye ni kama funza mnene wa rangi ya maziwa, hana mabawa, hana miguu ya maana, hatoki mfukoni hadi akaribie kufa: hao ni Thyridopteryx, Eumeta na wenzao wakubwa. Dume humfuata kwa harufu, anatua kwenye mfuko na kuingiza tumbo lake kupitia tundu la chini. Tumbo hilo linarefuka kama darubini ya kukunjwa. Niliwahi kuliona mara moja, saa kumi na mbili asubuhi nikiwa na kikombe mkononi, na chai ilipoa bila kunywewa.

Ukiongeza kwamba wako majike wanaozaa bila dume kabisa, utaelewa kwa nini baadhi ya watu hufuga miaka na miaka wasione nondo dume hata mmoja. Dahlica triquetrella ana koo za namna hiyo, na Apterona niliyemtaja pia. Usihesabu kuwa umeshindwa kufuga.

Dume ndiye anayebeba jina, lakini dume aliye mzima. Wa kwako kwenye picha ya kwanza mabawa yake yanaonyesha upande wa pili kama kioo cha dirisha. Usikimbilie kuandika "mabawa angavu". Magamba ya nondo hawa hupukutika kirahisi, na dume aliyejipigapiga ndani ya chupa usiku kucha huamka amekuwa spishi mpya. Siku hizi nikijua msimu umefika nakagua chupa alfajiri na jioni, nikimkuta namtia kwenye friji dakika chache atulie, kisha napiga picha: juu, chini ya mabawa, vipapasio kwa karibu, na mguu wa mbele. Vipapasio vikiwa kama manyoya ya ndege pande mbili uko upande fulani wa familia, vikiwa uzi mtupu uko upande mwingine. Mguu wa mbele unaonekana upuuzi, lakini kuna kijimwiba kwenye muundi wake ambacho Siederia anacho na Dahlica hana, na nondo hao wawili kwa macho tu ni mapacha. Huko kwenye nondo wadogo wa kijivu ndiko mambo huwa magumu: mtaalamu wa wadudu Sauter, aliyechambua Solenobia (jina la zamani la kundi lenye Dahlica na Siederia) za Uswisi mwaka 1956, ilibidi apime hata upana wa magamba ya bawa. Baada ya hapo ni mishipa ya bawa na viungo vya uzazi chini ya hadubini, na wenye maabara husoma DNA. Kwa baadhi ya spishi hakuna njia ya mkato.

Kosa langu kubwa silisahau. Nilikusanya mifuko saba kutoka miti miwili tofauti, nikaitia yote kwenye chupa moja kwa sababu "inafanana". Wiki tatu baadaye nikakuta madume watatu wamekufa chini. Ganda la pupa huwa linabaki limechomoza kwenye ncha ya chini ya mfuko dume akishatoka, kwa hiyo nilijua ni mifuko ipi mitatu iliyotoa. Ila nani alitoka wapi? Wawili walikuwa na upana wa mabawa tofauti kabisa na sikuweza kusema lolote. Tangu hapo ni mfuko mmoja, chupa moja, na karatasi ndani yenye tarehe, mti, na kimo kutoka ardhini.

Na usishangae chupa ikikutolea nyigu wadogo au nzi badala ya nondo. Hao ni vidusia, waliishi ndani ya kiwavi wakimla. Si jambo dogo: nzi mmoja aitwaye Nealsomyia rufella aliwapunguza vibaya Eumeta variegata wa Japani miaka ya 1990. Kidusia ukimpata mhifadhi naye, mwandikie tarehe ileile.

Turudi kwako. Picha ya pili ina ganda la pupa limechomoza chini, vijiti vimelala sambamba kwa urefu, na mfuko unakaribia sentimita nne kwa rula uliyoweka (asante kwa rula, wengi hawaweki). Ukubwa huo, vipapasio vyenye manyoya na ganda lile vinanitosha kusema ni Psychidae wa kundi la jike-funza. Jenasi, yaani lile jina la kwanza, naikisia Eumeta au jirani yake wa karibu, na hapo nasimama.

Mfuko wa picha ya tatu umefungwa kwenye tawi kwa mkanda mnene wa hariri na hauna ganda lililochomoza. Huo usiufungue, nakuomba. Huenda kuna jike, au tayari ni mayai yaliyojaa kwenye ganda lake, na kwa wakubwa hawa mayai huweza kufika mamia. Kata tawi zima, litie kwenye chupa yenye kitambaa cha wavu mdomoni, uliweke kivulini penye hewa. Vikitoka vitoto vyeusi vinavyotembea tumbo limeinuliwa juu, wape majani ya mti uleule siku hiyohiyo, maana huanza kujishonea mfuko kabla hata ya kula. Nipigie picha hapo, na ya nne iwe ya ncha ya mfuko.