Mahindi uwani: panda mraba, usipande mstari

Dada wa Wete uliyeuliza kama uwa wa mita 4 kwa 5 unafaa kwa nafaka: unafaa, ila usiutegemee kwa ugali. Konde likitoa tani 2 kwa hekta, mita zako 20 za mraba ni kilo 4 za mahindi makavu. Mimi hapa Unguja nayapanda masika ya kuchoma na kuchemsha, na wanangu huyala yakiwa bado na utamu wake.

Tatizo ninaloliona kila mtaa ni mstari mmoja kando ya ukuta, kisha watu wanalalamika mahindi yana mapengo. Wanaongeza samadi, na mapengo yapo palepale. Chavua inatoka kwenye mbelewele kule juu, inachukuliwa na upepo hadi kwenye ndevu za mihindi ya jirani, na kila unywele wa ndevu hizo umeshikana na punje moja. Unywele ukikosa chavua, punje haijai. Kwenye mstari mmoja, upepo wa ubavuni unaimwaga chavua yote nje. Kwa hiyo panda mistari 5 iliyo pamoja, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina. Utapata kama mashina 80. Umande ukikauka asubuhi, tikisa mbelewele kwa mkono. Utaliona vumbi la manjano likishuka na kunasa kwenye ndevu. Fanya hivyo kila siku mpaka ndevu zianze kusinyaa.

Mbegu chukua Staha au TMV-1. Si chotara, unaweza kujiwekea mbegu.

Kunguru hung'oa miche ikichomoza tu, hivyo tandaza wavu kuukuu wa kuvulia juu ya vijiti. Viwavijeshi vamizi, walioingia nchini 2017, watafute ndani ya moyo wa mhindi: ukiona kama unga wa msumeno, yumo. Kwa mashina 80 unamtoa kwa mkono na kumponda, huna haja ya kununua dawa.

Kama pako ni maweni na udongo haba, achana na mahindi, panda mtama. Masuke yakianza kujaa yafunike kwa vifuko vya kitambaa, la sivyo ndege watayamaliza. Ukishavuna kata mashina chini, yatachipua tena. Ila machipukizi yale machanga yana sumu, usimkatie mbuzi.