Je, hadithi za kubuni zimeniharibia imani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Tangu mdogo wangu afariki mwaka jana, usingizi ukipotea huwa nasoma hadithi za kubuni zenye mazimwi na falme zisizokuwapo. Mwalimu wetu wa maombi anasema zimewafungulia mapepo mlango, na ndiyo maana bado nauliza kwa nini Mungu hakumponya. Je, nivichome vitabu hivyo?

JIBU: Amina, dada yangu, na pole sana kwa msiba. Usivichome.

Wanaokataza hadithi hizi hushika 1 Timotheo 4:7, “hadithi za kizee, zisizokuwa za dini, uzikatae”, kisha wanaufunga mjadala. Wangeanzia sura ya kwanza wangeona kwamba Paulo anawakemea watu waliofundisha hadithi kanisani kana kwamba ni elimu ya Mungu. Kitabu kinachokiri kuwa ni cha kubuni hakimdanganyi mtu. Tena Waamuzi 9 wataiweka wapi? Jothamu alisimama juu ya mlima Gerizimu akawasimulia watu wa Shekemu habari za miti iliyokwenda kujitafutia mfalme: mzeituni ukakataa kuacha mafuta yake, mtini utamu wake, mzabibu divai yake, mpaka mti wa miiba ukakubali, ukaialika miti yote ije chini ya kivuli chake. (Kivuli cha miiba!) Jambo hilo halikutokea kamwe, na bado Abimeleki, waliyemfanya mfalme wao, alisemwa humo waziwazi kuliko katika hotuba yoyote.

Kinachokatazwa katika Kumbukumbu la Torati 18 ni kuutenda uchawi na kuwaomba wafu. Hadithi ikikuvuta utafute njia ya kuisikia tena sauti ya mdogo wako, iache usiku huohuo. Nalisema hili kwa sababu una majonzi, wala sikushuku.

Ama kuhusu swali lako, aliyekuambia limetoka kwa mapepo amekutwika mzigo wa pili juu ya ule wa kaburi. Ayubu aliuliza kwa nini, sura baada ya sura, na rafiki zake walikuwa na jibu la kila kitu, likiwamo la dhambi zake. Mungu aliposema hakumweleza hata mara moja kwa nini watoto wake walikufa, lakini katika 42:7 hasira yake iliwawakia wale wenye majibu, akasema kwamba Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Aya hiyo mwalimu wenu aisome polepole.

Nina tahadhari moja tu juu ya vitabu vyako. Mtunzi hufumbua mafumbo yake kabla ya ukurasa wa mwisho, nawe utakifunga kitabu na fumbo lako likiwa palepale. Usidhani umeshindwa kuamini. Saa hiyo isome Zaburi ya 13 kwa sauti, “Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?”, ukitaja jina la mdogo wako. Na umtafute mtu mmoja aliyemfahamu, mkae pamoja mmzungumze yeye, hata kama ni kwa kulia.

Mwalimu wenu usimjibu kwa hasira. Mwambie umeniuliza mimi, na akitaka tuifungue Biblia pamoja, niko tayari.