Barua kwa mwanangu: zabibu haina subira

Mwanangu Neema,

Salamu kutoka Bihawana. Umeniuliza: mama yako akija Vienna mwezi wa tisa, na goti lake lile, umpeleke Melk, kwenye abasia, ile nyumba kubwa ya watawa, au kwa yule mzee wa mvinyo, maana vyote viwili kwa siku moja hataviweza. Ngoja kwanza nikwambie kwa nini siku ile uliponipeleka mimi kote kuwili nilinyamaza njia nzima ya kurudi.

Ulidhani nimechoka. Wala. Abasia ilinipendeza: Wabenediktini, kama wetu wa Peramiho, wapo pale tangu mwaka 1089, ingawa lile jumba la njano walianza kulijenga 1702. Maktaba yao nilitamani marehemu katekista wetu angeiona. Yule mtakatifu wa mifupa mitupu, kavalishwa kama bwana harusi ndani ya sanduku la kioo, usimwoneshe mama yako kabla ya chakula.

Kilichonimaliza ni zile kuta. Boti inashuka mto Danube, nawe unaona mashamba yamepanda mlima kama ngazi, mawe yamepangwa kwa mkono, saruji hakuna. Halafu yule mzee wa mvinyo, akitumiminia mvinyo wao wa Grüner Veltliner kimo cha kidole, ukanitafsiria kwamba wao huvuna zabibu mara moja kwa mwaka. Nikasema sisi Dodoma mara mbili. Akaweka chupa chini, akaniangalia. Nilivimba kichwa, sikufichi. Hapo hapo nikakumbuka msimu ule ukiwa darasa la sita.

Makreti 80 ya zabibu kando ya barabara, tumeyafunika magunia yaliyoloweshwa. Siku ya kwanza gari la mnunuzi halikuja. Ya pili, kimya. Ya tatu nyuki walijaa na harufu ikawa ya siki, na mama yako kakaa chini anachambua punje moja moja, nzima anatia kwenye beseni. Ada yako ilikuwa mle.

Nimesema siku zote na nasema tena: zabibu haina subira. Yule mzee ana mtambo wa kukamua na ghala palepale nyumbani, hamsubiri mtu. Si kwamba udongo wake unatuzidi. Au unatuzidi? Hapana, bwana. Lakini hata babu zake walianza na jiwe moja, na sisi tulikaa vikao vingapi vya kununua tangi letu la mvinyo, vyote vikaishia kwenye chai? Mwenyekiti nilikuwa mimi.

Haya, kuhusu mama yako: amueni wenyewe, mimi simo. Nasema tu kwamba kutoka maktaba kwenda kanisani ni zile ngazi za kuzunguka, na kwa mzee kuna benchi kivulini. Mvinyo wao mzito kuliko yote wanauita Smaragd, jina la mjusi wa kijani anayeota jua kwenye zile kuta. Unamjua mama yako na mijusi. Usimtafsirie mpaka amalize glasi.

Baba yako